Matufe ya Shemeji na Bidoni ya Mama Mkwe

Katika parsele yetu hapa mjini Baraka mawese yana mwenyewe, naye ni mama mkwe. Ngazi za michikichi zikishuka kutoka vilima vya Fizi, ni yeye anayezichemsha, anayezitwanga na kuzikamua, na hakuna mkono mwingine unaogusa kizibo cha bidoni bila ruhusa. Hata baba watoto, na ndevu zake zote, huomba kwa adabu mafuta ya kukaangia ndagala.

Ndipo shemeji alipotutembelea kutoka Marekani. Vita vya 1996 vilimvusha Ziwa Tanganyika akiwa mtoto, akakulia katika kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, kisha akapata safari ya Marekani. Tulitegemea simu na viatu. Begi lilipofunguliwa, yakatoka matufe mawili ya bolingi, mchezo wa kuangusha vigingi: jeusi lisilong'aa, karibu kilo 7, na la bluu la plastiki, la kilo 4 na nusu, linalometameta.

Mama mkwe akaligonga lile jeusi kwa kidole, akauliza linapikwa kwa muda gani.

"Halipikwi, mama. Linaviringishwa juu ya mafuta."

Neno mafuta likamfanya mama akae. Shemeji akaeleza kwamba njia ya bolingi, toka mstari wa mchezaji hadi kigingi cha kwanza, ni mita 18 na sentimita 29. Mashine hupaka mafuta kwenye theluthi mbili za mwanzo, kwa kawaida mengi katikati na machache pembeni, na sehemu ya mwisho huachwa kavu. Mchezaji hodari husoma mafuta kwanza, ndipo achague tufe. Mafuta yakiwa mengi, hushika lililosuguliwa kwa msasa, maana ngozi yake ina vinyweleo vinavyong'ang'ania njia; likifika pakavu hukata kona kwa nguvu. Yakiwa machache, tufe hilo hukata kona mapema mno, hivyo hutupwa lililong'arishwa. La plastiki huenda karibu moja kwa moja, ndiyo maana hutumika kuangusha kigingi kilichobaki peke yake.

"Na mafuta hayo," akauliza mama, "nani anayakamua?"

Shemeji hakuwa na jibu.

Siku ya soko, mama alipoondoka mapema, shemeji aliwakusanya watoto. Milango ikafunguliwa toka barazani hadi uani, chupa kumi za maji zikajazwa mchanga na kupangwa pembetatu, na bidoni ikatolewa stoo. Nilisema, "Shemeji, hiyo ni ya mama." Akanijibu kwamba njia bila mafuta huharibiwa na tufe. Akapaka sementi kwa kitambaa, mengi katikati, machache pembeni, kama alivyofundishwa.

Mawese ya asubuhi yalikuwa yameganda nusu, mazito. Akachagua jeusi, na alichagua vema: likateleza, likapinda kidogo mwishoni, chupa zote zikalala. Watoto wa jirani wakaruka ukuta kuja kushangilia.

Lakini mawese hayakai hali moja. Jua lilipoingia mlangoni yakayeyuka. Miguu ya watoto ikayasambaza, na tufe lenyewe likayabeba kila lilipopita. Hata huko Marekani mafuta ya njia hupungua na kuhama mchezo ukiendelea, na mchezaji hubadili tufe. Shemeji alilijua hilo, alikuwa amelisema kwa kinywa chake. Ila shangwe zilikuwa za lile jeusi, na la bluu likabaki kwenye begi.

Akalitupa tena lile jeusi. Likakuta sementi kavu nusu ya njia, likaishika, likakata kushoto, likaingia jikoni. Sufuria ya sombe ikaenda. Kisha ikaenda bidoni, iliyokuwa imeachwa bila kizibo. Baba watoto akaingia kwa mlango wa uani na shati jeupe, akaketi chini bila kukaribishwa. Nyuma yake alisimama mama.

Hakupiga kelele. Alichovya kidole sakafuni, akakitazama, kisha akamgeukia shemeji.

"Papa, hii uliyomwaga ni karo ya wadogo zako. Tena mawese ya asubuhi si ya saa sita. Ungeniuliza mimi, si mashine."

Tulisugua sakafu kwa majivu, sabuni na maji ya moto. Tufe la bluu lilifutwa mara moja likatakata. Jeusi lilikuwa limekunywa mawese kupitia vinyweleo vyake, likaendelea kutoa jasho jekundu. Ndiyo sababu wachezaji hulifuta kila baada ya kulitupa. Mama akaona afidiwe hasara kwa kuyatumia matufe hayo kugandamizia mihogo aliyoloweka katika pipa. La bluu likaelea, maana tufe la ukubwa ule lisilofika kilo 5 ni jepesi kuliko maji linayoyasukuma. Jeusi likazama vizuri, na kesho yake mihogo ikatoka na madoa mekundu.

Yote mawili yamerudi kwenye begi, na shemeji amenunua bidoni mpya sokoni kwa pesa yake. Nawe msomaji, ukipata mgeni mwenye tufe la kilo 7, mpe chakula, mpe kitanda, mpe hata uwanja wa kuchezea. Mafuta aje nayo mwenyewe.