Kichwa cha Shangazi

Mvi ni hekima, ndivyo tunavyoambiwa, ila sijaona ukoo unaoificha hekima kwa bidii kama wetu. Bibi alitumia hina. Mama hutumia kile kipakiti cha unga mweusi cha dukani. Wajomba, ukiwauliza, hawatumii chochote, lakini kila Alhamisi jioni hutoka kwa kinyozi ndevu nyeusi tii, zimechongwa ukingo ambao Mungu hakuuchora. "Nilikwenda kunyoa tu." Supa blaki haitajwi. Mwanamume akishakaa kwenye kiti cha kinyozi rangi humjia yenyewe, na hakuna kikao cha familia kinachojadili gharama.

Kwa wanawake kikao kipo. Cha mwisho kilihusu kichwa cha Shangazi, wa Temeke. Mtoto wa wifi yake alikuwa anaolewa Jumamosi, na Shangazi alikuwa ameshapita saluni kuuliza bei. Aliporudi alitua mkoba mezani, akatangaza kwamba kwa hela ile angenunua maboksi manne ya rangi na nauli ya daladala ikabaki. Binamu yangu alijaribu kumkumbusha kwamba sare ya harusi ina kilemba, kwa hiyo nywele zenyewe hakuna atakayeziona.

"Kilemba nitakivua usiku," alijibu, "na wifi yangu analala chumba cha pili."

Hoja ikafungwa.

Nimpe haki yake: historia iko upande wake. Eugène Schueller, mkemia kijana wa Kifaransa aliyebuni rangi yake ya nywele mwaka 1907, aliichanganya nyumbani kwake Paris, ndipo akaanza kuwazungukia wasusi wa mji ule akiwauzia. Kampuni aliyoiandikisha mwaka 1909 ndiyo inayojulikana leo kama L'Oréal. Kwa hiyo rangi ya saluni, ukiifuata hadi kwao, ni mtoto wa nyumbani. Tofauti ndogo ni kwamba Schueller alikuwa mkemia, na Shangazi ni mwalimu mstaafu wa maarifa ya jamii.

Boksi lilikuwa na picha ya mama wa Kizungu anayecheka peke yake. Chini yake pameandikwa kahawia ya chokoleti. Ndani mlikuwa na chupa, tyubu, glavu zilizokatwa kwa ajili ya mikono ya mpiga ngumi, na karatasi ya maelekezo katika lugha kadha wa kadha, Kiswahili kikiwa kimesahaulika. Ilinibidi niisome mimi, kwa sababu nilikuwa nimeitiwa kazi ya kisogo. Hakuna binadamu anayekiona kisogo chake, na hapo ndipo saluni ya nyumbani inapohitaji mfanyakazi asiye na mshahara.

"Shangazi, wanasema tupake tone nyuma ya sikio kwanza, tusubiri saa 48."

"Mwanangu, nimezaa watoto watano. Leo niogope sikio?"

Sikio lile lilistahili kuogopwa, na hapa naacha utani kidogo. Rangi nyingi za kudumu zina kemikali iitwayo PPD. Vipakiti vingi vinavyouzwa kwa jina la hina nyeusi vinayo, na piko wanalochorwa maharusi na watalii huku Pwani mara nyingi linayo pia. Mwili wa mtu ukiikataa, uso huvimba mpaka macho yakafumba. Hina halisi ni majani ya kusaga, na peke yake haitoi weusi. Mvi ikikutana nayo hugeuka rangi ya chungwa. Bibi, na chungwa lake kichwani, alikuwa salama kuliko sisi sote.

Tukapaka. Mafuta mgando tuliyazungusha kwenye paji la uso na shingoni, hatua ambayo Shangazi aliisimamia mwenyewe, maana foronya mbili zilishawahi kupotea kwa njia hiyo. Ikaja zamu ya kufunika kichwa. Saluni wana kofia zao za plastiki. Sisi, tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019, rambo imekuwa mali ya kutunzwa chini ya godoro. Shangazi alitoa moja ya bluu, imekunjwa kwa ustadi, akaniapisha nisiipasue.

Karatasi ilisema dakika 30. Umeme ulikatika mapema tu. Feni ikasimama, na joto la Dar, ambalo lilikuwa limengoja dirishani kwa adabu, likaingia. Shangazi akaanza kutoka jasho ndani ya rambo. Mafuta mgando yalishindwa vita upande wa kushoto. Mchirizi wa kahawia ukateremka nyuma ya sikio lilelile, ukapita shingoni, ukaelekea kwenye khanga. Ukuta wa chumba ulipata alama yake, ambayo mwenye nyumba bado hajaonyeshwa.

Muda ulipotimia tulikwenda bafuni. Bomba likakohoa, likatoa hewa, likanyamaza.

Anayeishi mtaa wetu hahitaji kuelezwa hatua inayofuata. Nilikimbia barabarani kumwita kijana wa mkokoteni mwenye madumu. Alipofika mlangoni, Shangazi alitoka mwenyewe kupatana naye, kwa kuwa haniamini kwenye mambo ya bei. Kijana alimwamkia kwa heshima zote, akaitazama ile rambo, akautazama ule mchirizi, akataja bei ya dumu ambayo sijaisikia kabla wala baada ya siku ile. Shangazi ni bingwa wa kupatana. Soko la Kariakoo linamjua. Lakini mtu mwenye rambo kichwani, anayeangalia saa kila baada ya sentensi, hana cha kupatana nacho. Tulilipa.

Rangi ilikaa kichwani karibu mara mbili ya muda wake. Kilichotokea baada ya dumu la pili kilikuwa na tabaka tatu: karibu na ngozi, wekundu wa tofali, katikati, kahawia, kwenye ncha, weusi uleule wa miaka yote, haujatikisika. Kilikuwa kama bendera ya nchi inayosubiri kukubaliwa Umoja wa Afrika. Mume wake Shangazi, tunayemwita Mzee, alikuwa barazani na gazeti, ndevu zake zinang'aa. Alisema imependeza. Kisha akainua macho.

Kesho yake asubuhi tulikuwa saluni kabla haijafunguliwa. Sisemi saluni ni peponi. Dakika tano za msusi zina ndani yake chai, simu mbili, na kisa kirefu cha mume wa jirani. Lakini juu ya paa palikuwa na tangi la maji, na nyuma jenereta. Msusi alifungua khanga ya Shangazi, akamwita mwenzake aje aone, kisha akauliza swali ambalo wasusi wote wa dunia hii huuliza kabla ya salamu:

"Mama, nani alikupaka hii?"

Shangazi alinyoosha kidole. Hakugeuka hata kunitafuta. Alijua nimesimama wapi.

Msusi akanigeukia mimi kwa somo. Mvi haina rangi yake, alisema, kwa hiyo ukiiwekea rangi inaonekana kama ilivyo, bila kitu chini cha kuizima. Nywele ambazo zimeshalishwa unga mweusi miaka nenda rudi hazipokei kahawia juu yake. Rangi haiondoi rangi. Nywele za chini hupata joto la ngozi, hushika haraka, ndiyo maana huachwa zipakwe mwisho. Hata ile dawa ya kuchanganyia si moja: ipo ya asilimia 6, ya 9, ya 12, na yeye huchagua kwa kuangalia kichwa kilicho mbele yake. Boksi limechagua kabla halijamwona mtu.

Nilisikiliza nikiwa na mkoba wa Shangazi kifuani, nikaelewa hela ya saluni inakwenda wapi. Rangi yenyewe ni sehemu ndogo. Zaidi unalipia macho ya kukuonea kisogo, na mtu wa kulaumiwa. Nyumbani vyote viwili nilikuwa mimi, tena bure.

Kazi ya kurekebisha, msusi akaongeza, bei yake si ile ya kupaka. Akaitaja. Shangazi alikuwa ameshalazwa kwenye sinki, macho amefumba, povu la shampuu limemjaa masikioni. Nilidhani hakusikia.

"Mwanangu," akaita kutoka humo ndani, kwa sauti tamu ambayo sijawahi kuisikia kwake, "simu yako ina hela?"