Mayai Kumi na Moja na Ukoo Mzima

Methali ya kuku wa maskini wengi mnaijua: hatagi, akitaga haangui, akiangua vifaranga huchukuliwa na mwewe. Aliyeitunga hakukosea, ila aliharakisha. Kati ya kutaga na mwewe kuna siku 21 ambazo aliziruka, na humo ndimo maskini anamofilisiwa. Tena hafilisiwi na mwewe. Mwewe habishi hodi, wala hana ukoo na mtu.

Nyumba yetu iko Makobola, kando ya barabara ya Uvira kwenda Baraka, ziwa chini, milima juu. Anayetoka Baraka akifika hapa kiu imeshamkaba. Anayetoka Uvira hapa ndipo anapokumbuka kwamba hajala. Wote ni ndugu. Katika nyumba ya namna hiyo, kuku akianza kulalia mayai, mwenye kuku naye halali.

Maadui wenye mkia mimi nawaheshimu, kwa sababu wanajulikana. Panya huja usiku, na dawa yake ni kuinua kiota: kikapu kikuukuu cha kubebea mihogo, kimefungwa ukutani mahali asipofika, ndani majani makavu, chini yake majivu ili utitiri usimfukuze mtetea kabla ya siku zake. Kenge huja mchana, na tangu maji ya Tanganyika yapande mwaka 2024 yakaingia kwenye nyumba za ufukweni, naye amesogea akawa jirani. Huyo anazuiwa na mlango na mbwa. Hata nyoka yule mla mayai hana roho mbaya. Hana sumu, humeza yai zima, hulipasua kooni kwa mifupa ya uti wake wa mgongo, hunywa kilichomo, kisha hulitapika ganda. Anakuachia risiti. Katika shemeji zangu wote, ni yupi aliyewahi kuniachia ganda?

Wasio na dawa ni wale wanaokuja na adabu zao.

Wa kwanza ni mama mkwe. Yeye anaamini ngurumo huua kifaranga ndani ya yai, na kinga yake ni msumari uliolazwa kiotani. Kuhusu ngurumo siwezi kumbishia. Mwaka 2016 wanasayansi waliohesabu radi kwa satelaiti waliiweka Kabare, humuhumu Kivu ya Kusini, nafasi ya kwanza Afrika na ya pili duniani, nyuma ya Ziwa Maracaibo la Venezuela. Kwa hiyo msumari ulikuwa na kazi nyingi. Taabu ni kwamba kila mbingu iliponguruma, mama mkwe aliamka, akawasha taa, akamwinua kuku kuhakikisha msumari upo.

“Mama, muache alale,” nikasema.

“Mwanangu, wewe umesoma, radi haikusoma.”

Radi haikuharibu hata yai moja. Ukaguzi wa msumari ulivunja mawili.

Wa pili ni watoto. Yai la siku 10 ukilimulika gizani kwa tochi ya simu, unaona mishipa myekundu imetandaa, na katikati kitu cheusi kinajitikisa. Mwanangu mkubwa alifundishwa hayo shuleni, na kesho yake akafungua sinema nyuma ya nyumba, kiingilio karanga za mkononi. Mtetea mwenyewe hutoka kiotani mara moja kwa siku, akala, akanywa, akaenda haja, akarudi upesi kabla mayai hayajapoa. Hakupangiwa kungoja watazamaji wa zamu ya pili. Yai moja lilianguka katikati ya onyesho, na waliolipa karanga wakadai warudishiwe.

Wa tatu ni shemeji kutoka Baraka. Alifika mbalamwezi imejaa, wakati ambao wavuvi wa taa hupumzika, kwa kuwa ndagala huifuata taa kwenye giza tu. Nyumbani kulikuwa na bugali na sombe. Shemeji alikula, akashukuru, akaona kikapu ukutani.

“Kumbe mna mayai?”

“Yana vifaranga ndani, Shemeji.”

“Yote?”

Nikamwonyesha kwa tochi, moja baada ya moja, na kwa kila moja lenye mishipa alitikisa kichwa kwa huzuni ya kweli. Kisha likatokea moja linaloangaza tupu, halina mbegu. Kanuni ni kwamba yai hilo hutolewa. Shemeji aliposikia neno kanuni alinyoosha miguu, akaomba na chumvi.

Lakini hao wote ni wapita njia. Tatizo lenyewe lilikuwa mama jirani. Kuku wake hutaga vizuri ila kulalia hataki, kwa hiyo siku ya kwanza kabisa alikuja na mayai manne kwenye kanga. “Mama, nisaidie, hawa wakae na wenzao.” Yangu yalikuwa saba. Nikayatia yangu alama ya msalaba kwa makaa, yake duara, tukaagana kwa kicheko.

Siku ya 21 vilitoka vifaranga vitano, na mayai mawili viza. Mama jirani alifika asubuhi na mapema. “Yangu manne yametoka yote, Mungu ni mwema. Pole kwa yako.” Nikakimbilia maganda. Kuku huyageuza mayai yake mara nyingi kila siku, na tumbo lake lilikuwa limefuta msalaba na duara pamoja.

Shauri likaenda kwa mzee wa mtaa. Akataka kuwaona watoto. Wote watano walikuwa na shingo tupu, bila unyoya, na sura hiyo haiko kwa jogoo wangu wala kwa jogoo wa mama jirani. Iko kwa jogoo wa nyumba ya tatu. Mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni, akaingia kudai damu yake.

“Watoto ni wa aliyetoa mahari,” mzee akamwambia. “Jogoo wako alitoa nini?”

Yule bwana akajibu kwamba jogoo wake huwaamsha watu wa mtaa mzima kila alfajiri, bila malipo.

Mzee akawaza kwa muda mrefu. Kisha akaamua: wawili wangu, wawili wa mama jirani, wa tano wa kiti cha baraza, na wote walelewe kwangu mpaka wakue. Na kwa heshima ya ukoo wa baba, mwenye jogoo apewe yale mawili viza.

Akayapokea kwa mikono miwili, na akapiga goti kidogo.