Sifa za Nembo ya Usukani

Wako wanaosifiwa kwa mali, wako wanaosifiwa kwa nasaba, na wengi husifiwa kwa sababu wameshakufa. Mimi leo naisifu nembo nyeupe ya kiwanda iliyoko kwenye usukani wa baiskeli yangu: moja kulia, moja kushoto, na ya tatu kwenye shingo inayoushika usukani huo, ili hata abiria wa bodaboda anayenipita asikose cha kusoma.

Heshima yake ianze kwa makao yake. Usukani wa kawaida wa alumini kwa baiskeli ya mbio una gramu 250 hadi 300 hivi. Wa kaboni hushuka hadi 200, na ule mwembamba wa wenye wazimu hushuka zaidi, bei ikipanda kadiri gramu zinavyopungua. Sisi wagonjwa wa uzito tunazo mizani za jikoni zisizowahi kuona unga. Tunapima shingo, tunapima boliti zake, tunang'oa za chuma na kutia za titaniamu. Tukishaokoa gramu 100, tunajaza chupa ya nusu lita ya maji na kupandisha nusu kilo palepale. Kitambi sikitaji, hakiingii kwenye mizani ya jikoni.

Fadhila zake ndogondogo nazipitia haraka. Nembo haili, haipati pancha, na imezaliwa ikijua kuandika. Haina ubaguzi pia: usukani bandia huupamba kwa moyo uleule inaoupamba nao ule halali, mara nyingine kwa rangi iliyokolea zaidi.

Lakini sifa iliyonitoa machozi ni uaminifu. Ndugu hukukimbia ukianza kukopa, rafiki hukusahau akipata cheo, tairi hukutupa mkono njiani saa sita mchana. Nembo haiendi popote. Niliipuliza kwa mashine ya kukaushia nywele, maana gundi ya stika hulainika kwa joto. Ikaota moto na kustarehe. Nikaisugua kwa asetoni, ileile inayofuta rangi ya kucha. Ikatoka imetakata kuliko mwanzo. Hapo nikaanza kujua kwamba nembo nazo zina matabaka. Za chini ni stika tupu, ukucha unatosha. Za kati zimechapwa juu ya vanishi, na asetoni huziweza. Za ukoo bora zimelala chini ya vanishi, juu ya nyuzi zenyewe za kaboni, na huko hakufiki dawa wala dua. Kinachobaki ni msasa laini wa maji, namba 1000 kwenda juu, unaokata vanishi taratibu. Uchafu ukiwa mweupe, bado uko kwenye vanishi. Ukigeuka mweusi, umeanza kuzila nyuzi, na kaboni haina tabia ya chuma ya kupinda kwanza ili ikuonye, huvunjika tu. Kwa maneno mengine, nembo imeapa kwamba ikiondolewa, na mwenyeji wake ataondoka nayo. Ni ndoa ngapi za siku hizi zenye kiapo kizito hivyo?

Na ina ukoo. Katika karakana za Italia za miaka ya 1970, mafundi walichonga majina yao ndani ya shingo za usukani, alumini ikitoka kwa kila herufi. Ndiyo enzi ya Eddy Merckx, aliyekwenda Mexico City mwaka 1972 na kukimbia kilomita 49.431 kwa saa moja, juu ya baiskeli ya Colnago iliyotobolewa matundu hadi kwenye mnyororo ili uzito upungue. Kwa hesabu hiyo, nembo ya zamani ilikuwa na adabu: jina likiwa refu, baiskeli inakuwa nyepesi. Ya leo ni rangi, nayo inaongeza. Kidogo, sawa, lakini titaniamu niliinunua ili kupunguza kidogo hichohicho.

Nikaipeleka kwa fundi Kariakoo. Akaigeuzageuza, akaikwaruza kwa ukucha, akaniuliza:

"Sasa bosi, hawa wanakulipa ngapi kwa mwezi?"

"Hawanilipi, mzee wangu. Mimi ndiye niliyewalipa."

Akaweka spana chini ili acheke vizuri. "Mwenye duka pale kona, kampuni ilipompaka ukuta, rangi walau alipata bure."

Mwendesha baiskeli wa mashindano ya Ufaransa hupewa mshahara kubeba majina ya watu kifuani na matakoni. Mimi nimetoa fedha ya miezi, nikapewa bango, nikaambiwa nilisukume mwenyewe hadi Bagamoyo, kwa miguu yangu, kwa jasho langu, tena kupanda mlima! Na huko njiani wenzangu hawaniulizi nimeamkaje. Wanainama kusoma usukani kwanza, ndipo wajue wanisalimie kwa sauti gani. Usukani usio na jina wanauita wa bandia, ilhali mwenye kughushi hasahau jina kamwe. Ndilo analoanza nalo. Wafanyabiashara wanalijua hilo. Ndiyo maana wapo wanaotuuzia nembo nyeusi juu ya usukani mweusi kama anasa, yaani tunalipia wajifiche kidogo.

Niwieni radhi. Nilikuwa nasifu.

Kwenye shingo ile kuna andiko moja tu ambalo mwenye baiskeli analihitaji: 5 Nm, kikomo cha kukaza boliti. Ukizidisha, kaboni inaweza kupasuka ndani bila kuonekana. Ukilegeza mno, usukani unakuzungukia mikononi kwenye mteremko. Andiko hilo ndilo linalokulinda meno, na wameliandika kwa herufi za sisimizi, rangi ya kijivu, uvunguni karibu na boliti. Asetoni ilipopita, lilifutika kwa mfuto wa kwanza. Jina la kiwanda lipo mpaka leo, linang'aa.

Kwa hiyo, msomaji, kabla hujashika kitambaa wala msasa, nakili kwanza namba ya kukazia boliti za shingo yako. Si zote ni 5.