Jinsi ya Kusoma Faili Moja Mara Tano Bila Kugundulika

Ukitaka ripoti yako ya Power BI ichelewe kusasishwa hadi wenzako waanze kukuonea huruma, huna haja ya data nyingi. Faili moja la mauzo kwenye folda ya pamoja linatosha, lile lenye kila kitu: mteja, bidhaa, tawi, tarehe, kiasi.

Lisafishe kwa Power Query. Futa mistari mitupu, nyoosha tarehe, sahihisha majina ya wateja. Kwiri hiyo iite Msingi, kisha zima upakiaji wake isiingie kwenye modeli. Jina likilala kwa italiki, jipongeze.

Sasa izalie watoto. Bofya Msingi kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua Reference, bakiza safu za mteja, ondoa marudio: umepata Wateja. Fanya vivyo hivyo kwa Bidhaa, Matawi na Kalenda, halafu Mauzo yenyewe. Fungua mchoro wa utegemezi uone mishale mitano ikitoka kwenye kisanduku kimoja. Upeleke kikaoni. Kila atakayeutazama atasema kwamba faili linasomwa mara moja tu, kisha matokeo wanagawiwa watoto watano.

Usimsahihishe. Kwiri ni maelekezo ya kupika, si sufuria ya wali. Lugha ya M ni mvivu kwa makusudi: haifanyi hatua yoyote mpaka matokeo yake yahitajike, na saa ya kusasisha kila jedwali linalopakiwa hukokotolewa kivyake. Wateja inafungua faili na kulipitia lote. Bidhaa inafungua faili lile lile na kulipitia lote. Msingi ilichookoa ni jasho lako wewe la kuandika hatua zile zile mara tano. Seva haikuokolewa kitu. Kuna akiba ya muda kwenye diski ambayo pengine hupunguza safari moja mbili, ila haiweki ahadi.

Kwa leseni ya Pro unaruhusiwa kupanga usasishaji mara 8 kwa siku. Zidisha kwa tano: mara 40 kwa siku unasoma faili ambalo mwenye duka hulibadilisha jioni tu, akishafunga hesabu.

Atatokea mjuzi na dawa yake, Table.Buffer. Mkaribishe chai. Amri hiyo huliweka jedwali kwenye kumbukumbu ya kompyuta, lakini ndani ya ukokotoaji mmoja tu; Bidhaa haiwezi kuchungulia kumbukumbu ya Wateja. Kwa hiyo wote watano watasoma faili, kisha wote watano watalimeza zima zima. Na kama chanzo ni SQL Server, hatua zinazofuata amri hiyo haziwezi tena kutumwa zikafanywe na seva. Kwa mradi kama wetu, hakuna ushauri ninaoupenda kuliko huu.

Chanzo kikiwa huduma ya wavuti yenye kikomo cha maombi, utamu unazidi. Majedwali hupakiwa sambamba, watoto wanabisha hodi kwa pamoja, huduma inarudisha kosa la 429, nawe unamwandikia kijana wa IT kwamba mtandao wao unasumbua.

Yapo mambo ya kukwepa. Usiihamishie Msingi kwenye dataflo, maana huko husafishwa mara moja kwa ratiba yake na matokeo huhifadhiwa. Watoto bado watakuja mara tano, ila watakuta kazi imekwisha. Usimwombe mtunza hifadhidata akutengenezee jedwali lililosafishwa. Akikupa viu ya kawaida, pokea kwa moyo mmoja, kwani viu nayo ni maelekezo tu. Wala usipakie Mauzo mara moja kisha ukatoa Wateja na Bidhaa kwa majedwali ya DAX, ambayo hukokotolewa kutokana na data iliyokwisha kuingia kwenye modeli. Ni kweli modeli itanenepa kidogo, kwa kuwa Mauzo italazimika kubaki na safu zote. Huo ndio udhuru wako, ushike.

Zaidi ya yote, usiwashe zana ya uchunguzi wa kwiri, itakuonyesha faili likifunguliwa tena na tena. Bosi akiuliza mbona ripoti ya saa mbili inafika saa nne, mwambie data imekuwa kubwa. Ataidhinisha kompyuta mpya.