Waraka kwa Wanaotuchagulia Rangi

Kwa ndugu zetu wafadhili, na kwa wazee wetu wa kamati mnaopokea kwa niaba yetu,

Kwanza, shukurani. Makasha mliyowaletea watoto wa darasa letu la ufundi yalifika salama. Hamali aliyasukuma mpaka mlangoni petu Kiponda, Unguja, maana gari haliingii kichochoroni, na watoto walipoyaona walipiga makofi. Makofi yale ndiyo yaliyonifanya ninyamaze muda wote huu. Sasa nimeona kunyamaza kwangu kunawaumiza watoto, basi naomba mnisikilize.

Ndani ya makasha mlikuwa na fulana nyeupe na vichupa vya rangi za kumetameta, visivyo na neno hata moja la kueleza rangi ile ni ya karatasi, ya ukuta au ya nguo. Mtoto mmoja wa miaka minane alichora jahazi. Alikaa nalo alasiri mbili, ulimi nje, akalitia tanga jekundu, na kwenye omo akamweka bibi yake amejifunika kanga. Mama yake akaifua fulana kwa maji baridi na sabuni ya mche. Jahazi lote likaishia karaini. Kilichobaki ni chengachenga za kumetameta shingoni, na zile zikamwasha mtoto usiku kucha. Jumamosi iliyofuata alikaa kando na wenzake. Akaniambia atachora kwenye karatasi tu, kwa sababu karatasi haifuliwi.

Kosa halikuwa la sabuni wala la mama. Nilichomoa uzi kwenye pindo la fulana ile nikautia kiberiti. Uzi wa pamba huungua kama karatasi, ukaacha jivu jepesi linalopukutika ukiligusa. Ule wa fulana ulijikunja, ukayeyuka, ukaganda kuwa ushanga mweusi mgumu wenye harufu ya plastiki. Ilikuwa polista. Rangi nyingi za nguo zinazokazwa kwa pasi hushika vizuri kwenye pamba, tena pamba iliyofuliwa kwanza ikatoka wanga wa kiwandani. Mchoro ukishakauka sawasawa, na ndani ya nyumba zetu hizi za mawe na chokaa wakati wa masika hata siku moja haitoshi, unapigwa pasi ya moto isiyo na maji, kwa upande wa nyuma, kidogo kidogo mpaka uenee. Kulijua hili hakuhitaji mtaalamu wa kuletwa kwa ndege. Kunahitaji mtu aliyewahi kufua nguo ya mtoto, na kwa heshima zote, sioni kama mtu huyo alikuwepo mlipokaa kuchagua.

Kitambaa kinachofaa kipo hapa hapa, mwendo wa dakika chache kutoka mlangoni petu. Nendeni maduka ya nguo ya Mchangani na Darajani mkaulize marekani. Jina lenyewe ni historia ya mji huu. Merikebu za Salem, Massachusetts, zilikuwa zikiishusha bandarini kwetu, na Marekani ikaweka balozi wake mdogo Unguja mwaka 1837. Vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, 1861 hadi 1865, vilipoikata biashara hiyo, nguo za Bombay na za Uingereza zikashika nafasi, lakini jina halikuondoka. Ni pamba, ni nzito, inavumilia mkono wa mtoto anayesugua brashi kama anayesafisha sufuria. Bafta msitununulie. Ni pamba nzuri, lakini hapa kwetu ndiyo sanda, na sipendi mzazi aje kumchukua mwanawe amkute ameikunjua sakafuni.

Wazee wa kamati mnajua, pengine kuliko mimi, jinsi kanga ilivyozaliwa. Mwishoni mwa karne ya 19 wanawake wa hapa waliziunganisha leso, kisha zikaja nguo zilizogongwa kwa mihuri ya mbao, zikapata mji na pindo, baadaye na jina. Wenye maduka wa enzi hizo waliwauliza wanawake wanapenda nini kabla ya kuagiza mzigo, kwa sababu kanga isiyopendwa iliwalalia dukani. Nyinyi hamkutuuliza, kwa sababu mzigo wenu hauwezi kuwalalia. Sisi ndio tunaolala nao.

Sasa nimesikia mnataka kuwaletea watoto somo la batiki. Naliomba somo hilo lisubiri. Rangi nyingi za batiki huchanganywa na kostiki soda, na kostiki soda inababua ngozi na kuharibu macho. Mafundi wakubwa huishika kwa glavu, nanyi mnataka niwape watoto ambao bado wanafuta pua kwa mkono. Rangi ya mafuta nayo isiletwe. Inataka tina, chumba chetu kina dirisha moja, na baadhi ya rangi za mafuta hutiwa madini ya risasi. Shirika la Afya Duniani limesema wazi hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Na aliyependekeza tutumie piko kwa rangi nyeusi, kwa kuwa ni rahisi, akumbuke kwamba piko nyingi ya siku hizi ni dawa ya nywele, na maharusi wangapi wameshatoka malengelenge mikononi. Manjano ya shambani, mnayoyapenda kwa sababu ni ya asili, yanakoza vizuri siku ya kwanza, kisha jua linayafuta.

Tunachoomba ni kidogo kuliko mlichokwisha kutumia. Rangi ya maji ya kitambaa, yenye maandishi kwamba haina sumu na inakazwa kwa pasi, chupa kubwa tano: nyekundu, njano, buluu, nyeusi, nyeupe. Yale makasha ya vichupa ishirini na nne yanamnyima mtoto siku yake bora kabisa, ile anayotia buluu kwenye njano akapiga kelele kwamba ametengeneza kijani. Vibakuli msinunue, tuna vifuu. Brashi za kujazia mandhari tunazipata kwa kuponda ncha ya kumbi la nazi. Muhuri wa kwanza huwa ni bamia: unaikata kwa upana, unauacha utelezi wake ukauke kidogo, unaichovya, unaigonga kwenye marekani, na linatoka ua la pembe tano, na vijitundu vya mbegu vikionekana kila kimoja. Wa pili ni mbatata, ambayo mtoto huichonga mwenyewe kwa kijiko. Mtoto aliyekwisha kugonga pindo lake kwa bamia huanza kuitazama kanga ya mama yake kwa jicho jingine, anaifuata mistari kwa kidole na kuuliza aliyeigonga alianzia kona gani.

Siku ya kugawa makasha mlikuja wengi na kamera. Siku fulana zilipofuliwa hakuja hata mmoja. Kwa hiyo nawaalika rasmi. Tumeshanunua yadi chache za marekani kwa michango ya wazazi, na mtoto wa jahazi amekubali kujaribu tena, kwa sharti kwamba tuifue mbele yake kabla hajaipeleka nyumbani. Tutaifua Jumamosi baada ya alasiri, uani. Mkija na pasi ya pili mtatusaidia sana, hii yetu moja inazunguka kwa watoto kumi na saba.

Wasalaam,
Mwalimu wenu wa watoto, Kiponda