Kopo la Madini na Pakiti Mzee

Droo ya mzee mmoja wa Magomeni ilipata mgeni: Kopo la madini, nene, lebo ya dhahabu, lililonunuliwa kwa fedha ya kulipia umeme. Humo akamkuta Pakiti wa alopurinoli, amekunjamana pembeni.

"Shikamoo babu. Bado upo kazini?"

"Marahaba. Marekani waliniidhinisha 1966. Gertrude Elion, mmoja wa walionibuni, alishiriki Tuzo ya Nobel ya 1988. Na wewe, kazi yako?"

"Zote!" Kopo akajitutumua. "Magnesi, zinki, potasiamu. Nasafisha damu, nalainisha viungo, naongeza nguvu za kiume."

"Hebu geuka nisome mgongoni."

Kopo akasita. Mgongoni, kwa herufi za kutafutwa na miwani, paliandikwa kwamba bidhaa hii haikusudiwi kutibu ugonjwa wowote.

"Hayo ya wanasheria tu, babu."

"Sikiliza. Asidi ya yuriki ikipita miligramu 6.8 hivi kwa desilita ya damu, fuwele zake zaweza kujikusanya kwenye viungo. Kidole gumba cha mguu ndicho kipenzi chake. Hapo ndipo gauti inapoanza. Mimi nazuia kimeng'enya kinachoitengeneza, hadi ishuke chini ya 6. Wewe unazuia nini?"

"Mimi... nausaidia mwili ujisaidie."

"Na maini na bia, vinavyoipandisha yuriki, je?"

"Simkatazi mtu. Ndiyo maana napendwa."

Pakiti akacheka hadi karatasi ikachakarika. Yeye hakuwahi kupendwa: huanza kwa miligramu 100 au pungufu, huongezwa polepole, humezwa hata siku isiyo na maumivu, na vipele vikimtoka mgonjwa, huachwa mara moja na daktari akaonwa.

Kopo hakukubali kushindwa. "Mbona hospitalini wanatoa potasiamu?"

"Wanatoa sitreti ya potasiamu, kwa kipimo. Sitreti hupunguza ukali wa mkojo, vijiwe vya yuriki visijijenge kwenye figo. Hiyo ni dawa ya vijiwe, mwanangu, na haiko ndani yako."

"Kwa hiyo sina faida?"

"Aliyepungukiwa magnesi utamfaa. Mzee wetu hajapimwa magnesi, wala yuriki, wala figo. Mwambie aanze na vipimo hivyo. Figo zikiwa dhaifu, potasiamu hujirundika kwenye damu, na ikizidi sana husimamisha moyo."