Kwa Heshima na Taadhima, Mheshimiwa Viza

Hapa Arusha Viza anasemwa vibaya sana. Mchawi, mla nauli, mvunja ndoa, kila jina baya anabandikwa yeye. Mimi nina kaduka ka steshenari: kopi, skani, picha za pasipoti, laminesheni. Siwezi kukaa kimya mtu anayenisomeshea watoto akitukanwa mbele yangu, kwa hiyo leo nasimama kumtetea.

Nianze na swali: siku hizi nani anachunguza ndoa za watu? Zamani alikuwapo mshenga. Alikwenda ugenini, akauliza ukoo, akauliza madeni, akanusa kama kuna wazimu katika nyumba. Sasa vijana wanakutana Mlima Meru. Mmoja mwongoza watalii, mwenzake mgeni aliyelipia siku nne. Wanaanzia geti la Momella, wanalala Miriakamba, kesho yake Saddle Hut, na kabla ya alfajiri ya siku ya tatu wanakwea kuelekea kileleni, mita 4,566, wameshikana mikono kwa kisingizio cha baridi. Wakishuka wameshakuwa wachumba. Hakuna shangazi aliyeulizwa. Shahidi pekee ni askari wa hifadhi mwenye bunduki, na huyo naye muda wote macho yake yalikuwa kwa nyati.

Ndipo anapoingia Viza, mshenga asiyetaka pilau wala kitenge. Anauliza ambayo shangazi angeona haya kuyauliza: mlijuana lini, nani aliwatambulisha, kuna ndoa ya nyuma, talaka yake iko wapi, mama mkwe jina lake kamili nani na kazaliwa mji gani. Nawajua wanaume wa Kijenge walio kwenye ndoa miaka ishirini wasiojua hilo la mwisho. Mwenye mke wa kigeni analijua, tena na herufi zake.

Halafu anataka ushahidi. Chalii mmoja wa Usa River aliniletea simu yake. "Shikamoo mama. Naomba unitolee chati zote." Zote? "Zote, ila za usiku ruka." Mashine ikaanza kutema. Umeamka? Nimeamka. Umekula? Bado. Kula basi. Kurasa kwa kurasa za umekula. Tukafika mahali walipokuwa wamenuniana, siku kadhaa hakuna neno, kisha yeye akaandika "samahani" mara tatu mfululizo. Nikamuuliza, ugomvi huu tuutoe au tuufiche? Akafikiri kidogo. "Utoe tu mama. Tusipogombana watasema tumetunga." Hekima hiyo hakufundishwa kanisani wala jandoni, kafundishwa na Viza. Na ni wanandoa wangapi wa Sanawari wanaoweza kuonyesha, kwa tarehe na saa, nani alianza kununa?

Wanaolalamikia gharama nao sijawaelewa. Ni kweli ada ya viza ya Schengen ilipanda hadi euro 90 Juni 2024, na ukinyimwa hairudi. Lakini hapo hapo unadaiwa bima isiyopungua euro 30,000, ambayo ndani yake mna gharama ya kukurudisha nyumbani ukifa. Ngaramtoni nani amewahi kukuthamini hivyo ungali hai? Waingereza wamekwenda mbali zaidi. Mkazi wa kwao anayetaka kumleta mwenzi wake awe na kipato cha pauni 29,000 kwa mwaka. Kabla ya Aprili 2024 ilikuwa 18,600. Wazee wetu wakipandisha mahari namna hiyo usiku mmoja tunawaita wachoyo. Serikali ikipandisha, inaitwa sera.

Wajerumani hawakuridhika na fedha. Tangu 2007 mwenzi anayemfuata mkewe lazima awe na cheti cha Kijerumani, ngazi ya A1. Vijana wetu wa safari Kijerumani wanakijua. Kuna mmoja anaweza kukueleza kwa lugha hiyo, bila kusita, kwamba mimba ya tembo ni miezi 22 na kwamba tafadhali usishuke garini. Mtihani haukutaka tembo. Ulitaka bei ya mkate na saa ya treni. Akajifunza mkate na treni, akasafiri zaidi ya kilomita 600 hadi Dar es Salaam kutahiniwa, akarudi na cheti nilichokitoa kopi kwa mikono miwili kama cha ubatizo.

Ila kipaji kikubwa cha Viza ni falsafa. Mchumba akiomba viza ya kutembelea, faili linatakiwa lithibitishe kwamba atarudi: hati ya shamba, barua ya mwajiri, stetimenti ya benki, cheti cha kuzaliwa cha mtoto, hata picha ya ng'ombe. Yaani anampenda huyu mwanamke, lakini si kiasi cha kubaki naye. Wakishaoana na kuomba viza ya mwenzi, faili linageuzwa chali: sasa aonyeshe kwamba amekusudia kuishi naye, na shamba halimshiki tena. Nimechapa mafaili yote mawili ya mtu yule yule. La kwanza lilirudi na alama kwenye kisanduku kinachosema kuna shaka kama ana nia ya kuondoka kabla viza haijaisha. Amekataliwa kwa kupenda mno. Kwenye faili la pili hofu ikawa kukataliwa kwa kupenda kidogo. Tukakaa hadi taa za barabarani zikawaka, tunatafuta kipimo cha katikati.

Wanaostahili kuhurumiwa ni Mtanzania aliyeoana na Mkenya. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulisainiwa hapa hapa Arusha, 30 Novemba 1999, na matokeo yake ndiyo hayo: bwana harusi anagongewa muhuri mpakani Namanga, anafika mchana, anakula nyama choma. Hakuna aliyemwomba chati wala picha za harusi. Maskini, mapenzi yao hayana hata kopi moja. Nafuu yao ni kwamba akitaka kufanya kazi huku kibali atakitafuta, na hapo atanijua.

Au tazama Tengeru. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Wapolandi wapatao 5,000 waliokuwa wamehamishiwa Umoja wa Kisovieti kwa nguvu walipokelewa pale, chini ya Meru, wengi wao wanawake na watoto. Makaburi yao yapo hadi leo. Hakuna aliyewadai stetimenti. Leo kijana wa Tengeru akichumbiwa na binti wa Warsaw, huanzia dukani kwangu.

Viza wetu naye si mnyonge. Mmarekani hulipa dola 100 kuingia nchini, wengine wengi 50. Ukitaka kuoa, kuna notisi ya siku 21. Na Sheria ya Uraia ya 1995 ina mlango wa mwanamke wa kigeni aliyeolewa na Mtanzania, lakini mwanamume wa kigeni aliyemwoa binti yetu hana mlango huo, apange foleni na wageni wote. Mwaka 2012 mtu mmoja alikwenda polisi Babati kufuatilia taratibu za ndoa yake. Pasipoti ikazuiwa, kwamba uraia wake una shaka. Baadaye akafukuzwa kwenda Kenya, Kenya nayo ikamfukuza, akaishi mpakani kwenye ardhi isiyo ya nchi yoyote. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyo hapa mjini kwetu, ilihukumu Machi 2018 kwamba Tanzania ilivunja haki zake. Hapo hata mimi sifa hunikwama kooni. Hunywa maji, nikaendelea.

Maana wateja hawaishi. Juzi aliingia binti wa Njiro na mumewe Mholanzi, wanataka kopi za kibali cha ukaazi, cheti cha ndoa, pasipoti kurasa zote hata zile tupu. Mume, Kiswahili chake kizuri tu, akaniuliza, "Mama, haya makaratasi yataisha lini?" Nikamwambia rimu moja ya A4 bei yake ni ile pale ukutani, ila akichukua boksi zima nampunguzia. Akamwangalia mkewe. Wakachukua boksi.